Kihisi Kimoja Hubaki Wazi

Kwenye ua wa nyumba yetu huko Nengo, mtaa wa Gisenyi, karibu na bomba la maji, saruji ina kishimo kidogo kinachotosha kizibo cha soda. Kilichimbwa na stendi ya pikipiki ya kaka yangu. Miaka yote aliyofanya biashara Goma, ng'ambo ya mpaka, kila alasiri aliingiza pikipiki getini, akaiegesha palepale, akaishusha stendi kwa kisigino. Chuma kilikwaruza saruji kwanza, halafu kikaingia kwenye kishimo na kugonga mara moja. Mama akiwa jikoni hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Alifunua sufuria na kuanza kupakua.

Nilipokuwa Ulaya nikisoma, nilikuwa napiga simu nyumbani saa hizo hizo, na mara nyingi niliisikia stendi kupitia simu. Mama alikuwa ananikatiza katikati ya sentensi. "Amefika," anasema, "ngoja nipakue." Nilikuwa nakasirika kidogo, maana nimetoka kwenye baridi nikatafuta mahali penye mtandao, na chakula cha kaka yangu ndicho kinanishinda. Lakini mlio wenyewe niliupenda. Ulikuwa unaniambia kwamba kule nyumbani mambo yako mahali pake.

Asubuhi ya siku ambayo mapigano yaliingia Goma, kaka yangu aliacha pikipiki kwa rafiki yake karibu na Grande Barrière, kituo kikuu cha mpakani, akavuka kwa miguu kwenda kuokoa mali kwenye kibanda chake cha taa za sola na spea za simu. Hakurudi. Watu walitueleza mengi. Mmoja alimwona akifunga kibanda. Mwingine aliapa kwamba alimwona kwenye boti ya kwenda Bukavu. Mwingine alituambia kwa sauti ya chini kwamba kuna watu walizikwa pamoja bila majina, na kwamba tusijisumbue. Baada ya muda yule rafiki alituletea pikipiki, akaiingiza stoo mwenyewe huku anaangalia chini. Imebaki humo mpaka leo, matairi yamelala, juu yake turubai.

Mimi niliomba kufanyia kazi nyumbani, nikarudi kukaa na mama. Baada ya siku chache tu akaniambia, bila kubadilisha sauti, kwamba alasiri bado anaisikia stendi.

Sasa inabidi niseme kazi yangu ni ipi, na hapo ndipo huwa nachoka kabla sijaanza. Jaribu kumweleza mtu wa Gisenyi kwamba unapima eksirei zinazotoka angani. Jirani yetu, fundi cherehani wa familia ya Kiislamu iliyofanya biashara mjini hapa tangu babu zake, alinisikiliza kwa heshima zote, akaingia ndani, akarudi na picha ya goti lake.

"Bon, we iko daktari wa eksirei," akasema. "Niangalilie hii goti. Ku hopitali bananiambia ni uzee, mi sikubali."

Nikamwambia mimi si daktari wa aina hiyo. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyepoteza miaka mingi shuleni bure. Tangu siku hiyo kila akiniona ananionyesha goti.

Kwa kifupi ni hivi. Ukiweza kuitazama anga kwa macho yanayoona eksirei, hutaona giza. Hata pale ambapo hakuna nyota, pana mng'ao hafifu unaotoka kila upande, mchana na usiku, tangu kabla ya dunia hii kuwapo. Sehemu kubwa ya mng'ao huo inatoka kwenye mashimo meusi makubwa, yaliyo katikati ya galaksi za mbali mno, yakimeza vitu na kuvichoma moto kabla ya kuvimeza. Ni mengi kupita kiasi na yako mbali kupita kiasi, kwa hiyo huwezi kuyanyooshea kidole moja moja yote. Yanatufikia yakiwa yamechanganyika. Hewa yetu inazuia eksirei, ndiyo maana kifaa chetu kiko juu, kimefungwa kwenye setilaiti, kikizunguka dunia na kuhesabu. Kazi yangu ni kuketi Nengo mbele ya kompyuta na kuuliza, katika kila tulichohesabu, kipi ni anga kweli na kipi ni kifaa chenyewe kinachojisikia.

Hilo swali la mwisho ndilo gumu. Vifaa vilivyotutangulia havikukubaliana kuhusu mng'ao huo ni mkali kiasi gani, na kila timu iliapa kwamba kosa ni la wenzake. Mimi ni mtu wa kukata mambo. Nilitaka jibu moja.

Nyumbani napo kulikuwa na jambo la kukata. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo mkubwa wa ukoo ni baba mkubwa, mwanajeshi mstaafu aliyekulia ukimbizini Uganda na kurudi nchini kwa vita, bunduki mkononi. Yeye alitaka tuanue matanga, au kama wanavyosema hapa, gukura ikiriyo. Watu wanakusanyika, wanamzungumzia marehemu, moto uliowashwa uani unazimwa, na kesho yake walio hai wanarudi kwenye kazi zao. Kwetu hata moto haukuwahi kuwashwa. Mama alikataa. Hakupiga kelele wala kulia.

"Shemeji, utaanuaje matanga ya mtu anayefika nyumbani kila siku?" alimuuliza.

Ningekuwa sijali kama jambo lenyewe lingekuwa ni mlio tu. Mzee akisikia vitu vyake, mwache asikie. Lakini mama hakuwahi kula chakula cha mchana kabla ya mwanawe, na hakuwa tayari kuanza sasa. Alipika, akapakua sahani ya kaka, akaifunika kwa sahani nyingine, akaketi. Alisubiri stendi. Ikishalia, alisubiri mtu aingie. Chakula kikapoa, ugali ukafanya ngozi, ndipo akasema, "Leo amechelewa," na kufikia hapo tumbo lilikuwa limeshafunga. Alionja matonge mawili na kusukuma sahani. Dawa zake za presha zinataka chakula. Kitenge kilichokuwa kinamkaa vizuri sasa alikizungusha mpaka nyuma na kukichomeka. Siku moja nilimwona anashika meza kwa mikono miwili ili ainuke, nikaogopa kweli. Jirani naye alikuwa ameona.

"Mama yako iko anakonda sana," aliniambia juu ya ukuta. "Ile sahani mi naionaka. Inatoka na chakula, inarudi na chakula. Donc unangojea nini?"

 Nilijaribu kula naye, akaniambia nile tu, yeye anasubiri. Nilijaribu kukasirika, akanipa pole. Baba mkubwa alituagiza tusilitaje jina la kaka mbele yake, wala Goma, wala pikipiki. Nyumba ikawa ya watu wanaoruka maneno. Ilikuwa mbaya kuliko kelele, kwa sababu kila tulichokiruka mama alikiona.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharage kwenye kizingiti cha jiko. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ziwa kule chini lilikuwa na rangi ya bati. Mama aliniuliza swali ambalo wasimamizi wangu wa masomo walichukua miaka kulifikia.

"Hicho kidude chenu cha juu, kinajuaje kwamba kinachosikia kiko angani? Labda ni tumbo lake mwenyewe linanguruma."

Nilifurahi mpaka nikaacha maharage. Nikamweleza kwamba tunacho kifuniko. Kifaa kina vihisi vinne, na kifuniko cha chuma kinazunguka juu yake polepole. Kihisi kilichofunikwa hakioni anga, kwa hiyo kinachohesabu ni tumbo lake tu. Kilicho wazi kinahesabu tumbo lake pamoja na anga. Ukitoa kimoja kwenye kingine, inabaki anga.

"Vyote vinafunikwa pamoja?"

"Hapana, kwa zamu. Hakuna wakati ambapo vyote vinne vimefungwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama, vikifungwa vyote, kitakachopita wakati huo hakuna atakayekijua."

 Alitoa jiwe moja, akalirusha kwenye matope.

"Basi na mimi nifunikeni," akasema.

Nilidhani anatania, maana mama ana utani wa kuuma. Hakuwa anatania. Alikuwa na mdogo wake anayekaa kijiji cha Nyamyumba, jirani na chemchemi za maji moto, na kwa muda mrefu mama mdogo alikuwa anambembeleza aende akakandwe magoti. Angeenda huko siku kadhaa. Mimi ningebaki Nengo, nikae ndani ya nyumba, nisikilize.

"Nikiisikia huko Nyamyumba, basi si nyumba, ni kichwa changu kimeharibika, na baba yako mkubwa afanye anavyotaka. Nisipoisikia mimi huko, na wewe usipoisikia hapa, vilevile. Niliota, basi. Lakini wewe ukiisikia." Akaishia hapo. Akachukua ungo akaingia ndani.

Baba mkubwa alikuja na gari la rafiki yake kumpeleka. Alipakia mkoba wa mama na mkeka, akamkalisha mbele, akamfungia mkanda mwenyewe. Halafu akanivuta pembeni, mpaka karibu na stoo. Yeye anapoongea na mimi anaongea Kiswahili cha jeshi, sentensi fupi fupi.

"Wewe umesoma. Mama yako anakuamini. Akirudi unamwambia hukusikia kitu."

"Na nikisikia?"

"Hukusikia kitu. Tumeelewana?" Kisha sauti ikamvunjika, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia. "Nimezika watu wengi. Mtoto huyu hata sikumzika. Lakini mama yako sitaki kumzika mimi."

Nilimwambia sawa. Nilikuwa namaanisha. Kusema uongo mmoja ili mama ale, hilo halikunisumbua hata kidogo, na wala sikutarajia kusikia chochote.

Nyumba bila mama ilikuwa kubwa. Nilifanya kazi mezani, mlango wa uani wazi, na kila alasiri nilinyamazisha kompyuta na simu nikasikiliza. Nilifanya kama tunavyofanya kazini, naondoa kwanza kila ninachokijua. Mabati ya jiko yakipata jua baada ya mvua yanagonga, lakini yanagonga juu, tena ovyo ovyo. Pikipiki za jirani zinasimama barabarani kwenye mawe, ambako stendi inazama kwenye udongo na hailii. Ardhi yetu inatikisika mara kwa mara kwa sababu ya mlima wa volkano ulio karibu, na ikitikisika geti linalia, na maji kwenye beseni yanachora mistari. Kisha kuna cherehani ya jirani, ambayo ni ya kukanyaga, na kanyagio lake lina chuma kilicholegea. Hiyo niliishuku kuliko vyote. Nikamwomba asishone kwa muda kidogo kila alasiri.

"Na mi nisikilize pia?" akauliza.

"Ukitaka."

"Sitaki. Mi nikisikia, nahama leo." Akacheka, lakini cherehani aliisimamisha. Akawa anatumia muda huo kusali alasiri, halafu anakaa kimya upande wake wa ukuta mpaka nimwite.

Siku za mwanzo sikusikia kitu. Nilianza kupanga namna ya kumwambia mama, kwa maneno ya upole, na nilijisikia vizuri, kama mtu aliyekaribia kumaliza kazi. Siku iliyofuata nilikuwa nasuuza kikombe bombani. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa nimeipa mgongo sehemu ya kuegeshea. Nyuma yangu, karibu sana, chuma kikakwaruza saruji, kikagonga mara moja.

Sikugeuka. Nataka kusema kwamba niligeuka nikakagua, kwa sababu ndivyo mtu wa kazi yangu anavyopaswa kufanya, lakini shingo ilikataa. Niliisikia kwa nyayo za miguu pia. Maji yaliendelea kutoka bombani, kikombe kikajaa, yakamwagika mkononi. Ndani ya kifua changu kuna kitu kilichokuwa kinasema amefika, ngoja nipakue, kwa sauti ya mama.

Nilipogeuka ua ulikuwa mtupu. Geti lilikuwa na komeo. Beseni lilikuwa limetulia. Nilifungua stoo, nikainua turubai, na pikipiki ilikuwa palepale, stendi imeshuka, buibui amefunga nyuzi zake kutoka kwenye stendi mpaka kwenye tairi. Nyuzi hazikuwa zimekatika. Nilirudisha turubai kwa adabu, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kulia.

Kesho yake ilikuja tena. Siku moja ikaruka. Ikaja tena. Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, macho yamekazia kishimo, na nilisikia mlio ukitoka pale nilipokuwa natazama, na hakuna kilichosogea.

Wiki hiyo hiyo kazini tulikuwa na tatizo. Kihisi kilichofunikwa, ambacho kilipaswa kuwa kimya kuliko wenzake, kilianza kuhesabu zaidi. Kuna eneo moja juu ya bahari, upande wa Brazili, ambapo chembe kali kutoka angani zinashuka chini kuliko kawaida. Setilaiti ikipita hapo tunazima vihisi, lakini chuma chenyewe kinapigwa. Kikishatoka pale kinaendelea kutoa mionzi yake kwa muda, kidogo kidogo, mpaka kitulie. Sisi tulilizingatia hilo kwenye vihisi na tukasahau kifuniko. Kifuniko kilikuwa kinapigwa kila kinapopita pale, na ndicho kilichokuwa kinakipigia kelele kihisi tulichodhani tumekinyamazisha. Kiongozi wa timu yetu, mama mmoja mkali ninayempenda, alisema kwenye mkutano wetu wa mtandaoni, "Msikiamini kifaa kilichotoka pale sasa hivi. Kingojeeni."

Wenzangu waliandika hilo kama agizo la kazi. Mimi nilizima kamera nikaangalia uani. Mama alikuwa amepita mahali pabaya, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake miezi mingi, nikimtazama akisubiri. Nani angesema kwamba ninachosikia si mimi mwenyewe? Nilikuwa nimeusikia mlio ule kwa simu miaka yote. Ulikuwa ndani yangu tayari, ungeweza kutoka wakati wowote. Na kama ni mimi, basi yale maneno ya baba mkubwa hayakuwa uongo hata kidogo. Hukusikia kitu. Nilijifunza kuyasema kwa sauti nikiwa naosha vyombo.

Mama alirudi uso umenawiri. Maji ya moto yalikuwa yamemfaa magoti, na mdogo wake alikuwa amemlisha kwa nguvu, samaki na viazi, bila kuuliza. Alishuka garini bila kushikwa. Baba mkubwa alibaki amesimama mlangoni mwa gari, ananitazama.

Mama hakuketi kwanza. Alisimama kando ya bomba, mkoba mkononi.

"Kule sikusikia kitu," akasema. "Tangu nimefika mpaka nimeondoka. Nimekula, nimelala. Na wewe?"

Maneno nilikuwa nayo mdomoni, yamekwisha kufanyiwa mazoezi. Nilimwangalia baba mkubwa. Nikamwangalia mama, ambaye aliniangalia kama anavyoangalia mizani sokoni, na hapo nikajua siwezi. Si kwa sababu ya uadilifu. Nilikuwa nimemsikia kaka yangu akirudi nyumbani, na kumwambia mama kwamba hakurudi kungekuwa ni kumfungia geti nikiwa ndani.

"Nilisikia," nikasema.

Baba mkubwa alibamiza mlango wa gari na kutoka getini kwa miguu, akaliacha gari la watu katikati ya ua.

Mama aliketi kwenye kizingiti. "Ulisikia nini hasa? Usiniambie ninachotaka. Kipi kilianza?"

"Kukwaruza. Halafu kugonga."

"Kugonga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kila siku?"

"Hapana. Kuna siku aliruka."

Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Huwa anaruka." Akaanza kulia, na ni mara ya kwanza nilimwona analia tangu kaka apotee, machozi mengi bila sauti, anayafuta kwa pindo la kitenge. Mimi nilisimama tu nikijilaani. Nilijiambia kwamba sasa nimemuua kweli, atasubiri mpaka afe mezani.

Alipomaliza alipenga kamasi, akainuka.

"Mfuate baba yako mkubwa kabla hajafika mbali. Mwambie iwe Jumamosi."

"Jumamosi nini, mama?"

"Tuanue matanga."

Nilimwambia hakunielewa. Nilimwambia nimesema nimesikia, kweli nimesikia, si yeye aliyeota.

"Nimekuelewa vizuri." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuniambia nitoe nguo kambani. "Wewe unadhani sikujua kwamba mwanangu amekufa? Nilijua siku pikipiki ilipoingia hapa ikisukumwa na mtu mwingine. Lakini nilikuwa namsikia peke yangu. Nikiacha mimi, nikala, nikalala kama watu wengine, anafika hapa kila siku na hakuna hata mmoja anayejua amefika. Ningemfanyia hivyo mtoto?" Akachukua mkoba wake. "Wewe mwenyewe uliniambia hamfungi vyote."

Nilimkuta baba mkubwa chini ya mteremko, amekaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilipomwambia Jumamosi, aliniuliza mara mbili kama namdanganya. Kisha akajifunika uso kwa kofia.

Jumamosi moto uliwashwa uani kwa mara ya kwanza, mbali na kishimo, kwa sababu mama alionyesha kwa mkono mahali pa kuuweka. Picha ya kaka iliwekwa mezani. Walikuja wafanyabiashara wenzake wa mpakani, wengine kutoka Goma, nao walimtaja kwa jina bila kuruka, wakatuambia alivyokuwa akipatana bei kwa kujifanya anaondoka, alivyokuwa anarudi mbio kila alasiri na kuwaambia, "Mi naenda, maman hakulaka bila mimi." Watu walicheka. Mama alicheka. Jirani alikuja na goti lake, akakaa kando ya mama muda wote akimshika mkono. Baba mkubwa ndiye aliyeuzima moto, kwa maji ya bomba letu. Kisha chakula kikatolewa, na mama akala mbele ya kila mtu, sahani nzima, polepole. Nilihesabu kila tonge kwa macho na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi yoyote.

Tangu siku hiyo mama hasikii. Ananenepa, na kitenge chake kimeanza kumkaa vizuri tena. Tatizo la kifuniko tulilitatua, tukatupa data zote za muda baada ya kupita lile eneo, na kilichobaki ni anga, mng'ao ule ule wa pande zote. Nilialikwa kurudi Ulaya, kwenye nafasi nzuri, na barua yao ni ya heshima. Niliwajibu kwamba mtandao wa Nengo unatosha. Wanadhani ni kwa ajili ya mama mzee.

Ukweli ni kwamba bado naisikia, ingawa si kila siku. Ninaiogopa leo kama nilivyoiogopa siku ile bombani, na siku isipokuja naogopa zaidi. Sina mtoto. Wakati mwingine najiuliza itakuwaje nikizeeka, ni nani nitakayemwambia abaki hapa asikilize, na nitamwelezaje.

Juzi tulikuwa jikoni. Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza, pengine alikuwa anasali. Mama alikuwa anakoroga mboga, mgongo ameupa mlango, na mimi nilikuwa namenya vitunguu. Nje chuma kikakwaruza saruji, kikagonga. Mikono yangu ilisimama, na kisu kikanyamaza. Mama hakugeuka, lakini mwiko nao ulisimama.

"Amefika?" akauliza.

"Amefika, mama."

"Haya," akasema, na akaanza kupakua, sahani mbili, yake na yangu.